Gesi Iletwe Kwa Nduku

Syombua mwanangu,

Kwa heshima na taadhima, na bila kumlaumu mtu yeyote kabla uchunguzi haujakamilika, natangaza kwamba gesi imeisha. Imeisha alasiri hii muthokoi ukiwa motoni, mahindi yamelainika nje lakini ndani bado ni kokoto. Mama yako ameupiga mtungi makofi, akauinamisha, akausemesha Kikamba kile ambacho hakijaandikwa katika kamusi yoyote. Mtungi haukujibu. Jiko la makaa, kama unavyokumbuka, lilienda na kibanda. Kwa hivyo chakula chako cha kuagwa kimesimama nusu njia, na nyumba nzima iko chini ya uchunguzi.

Nimempigia yule kijana wa gesi, Kevo. Nimemwambia alete Kwa Nduku.

"Kwa Nduku ni wapi hapo, mzee?"

Nikamwambia aulize mtu yeyote. Akasema sawa. Mimi nashuku anajua.

Wewe uko saluni unasukwa, na rasta za siku hizi haziishi mapema, basi nimepata nafasi ya kukuandikia. Kesho asubuhi unaenda Kisumu. Mambo ya neti ya mbu, na kutokuweka simu kwenye mfuko wa nyuma, na kanisa, mama yako atakwambia, halafu atakwambia tena ukiwa umeshapanda gari. Mimi sina mawaidha hayo. Nina maneno tu, na unajua nayatazama kwa jicho gani.

Siku ile barua yako ilipokuja kwamba umechaguliwa kusomea isimu, nilijifungia chooni nikacheka peke yangu. Miaka yote hii nimekuwa nikiwauliza watu neno hili limetoka wapi, nani alilileta, na lilikuwa linatafuta nini huku kwetu, na watu wananiona nimechanganyikiwa kidogo. Sasa serikali inampeleka binti yangu chuo kikuu akafanye kazi hiyohiyo! Nikakwambia, nami kwa majivuno, kwamba hata mimi ni mtu wa etimolojia. Ukasema bila hata kuinua macho kwenye simu:

"Baba, yako si etimolojia. Yako ni umbea."

Nililitafakari hilo wiki nzima nikiwa juu ya ngazi. Umbea ni nini? Ni kuuliza fulani alitoka wapi, aliingia mtaani na nani, na kwa nini siku hizi amebadilisha jina. Mwanangu, sijaona tofauti. Ukiifikia huko darasani, niandikie.

Unajua nilivyoingia katika mambo haya ya maneno. Mtu anayeandika mabango kwa mkono hawezi kuyakwepa maneno, kwa sababu akikosea moja linabaki barabarani miaka kumi likimcheka. Nilinunua ile kamusi isiyo na jalada kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na soko la Kitengela. Kurasa za mwisho hazikuwepo, kwa hivyo hadi leo sijui rasmi maana ya zawadi wala zamani. Lakini kurasa zilizobaki zilinitosha kunitia wasiwasi. Niligundua kwamba sufuria ilikuwa ya shaba. Neno lenyewe ni la shaba! Kisha aluminiamu ikaingia jikoni, ikakalia kiti cha mwenyewe, ikaitikia jina lake, na hakuna mtu aliyeuliza. Nikagundua kwamba shule ni neno la Wajerumani. Wajerumani hawakututawala sisi, walikaa Tanganyika. Kwa hivyo neno hilo lilivuka Namanga kwa miguu, bila kibali, likapita katikati ya Kajiado yetu hii mchana kweupe, na sasa kila mtoto analo. Na mshahara! Mwenye duka la vipuri, yule aliyesoma Kiarabu, aliniambia ndani ya mshahara mna neno la mwezi. Nilimpelekea mwajiri wangu wa wakati ule habari hiyo. Akasema yeye hakusoma Kiarabu.

Hata jina la kaunti nililifuatilia. Wamasai wenyewe wanasema ni Olkejuado, mto mrefu. Siku niliyoenda mjini Kajiado kufuata karatasi za ploti, nilipita kuuangalia huo mto nihakikishe. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Nilisimama nikaona mchanga mrefu. Nikarudi nyumbani nikiwa na mashaka zaidi.

Sasa nikwambie kwa nini Kevo anazunguka huko nje na mtungi wangu.

Wewe ulizaliwa siku ya mvua, ndiyo maana wewe ni Syombua, na matope meusi ya Kitengela yalimvua nesi kiatu. Ulipoanza kutambaa, mama yako alifungua kibanda pale barabara ya murram inapoachana na lami. Muthokoi, chai, chapati siku za Jumamosi. Wachimba mawe walikula pale, na waosha magari, na wachungaji waliokuwa wakipitisha ng'ombe kwenda mnadani. Makondakta wakaanza kuita, "Kwa Nduku wapo? Kwa Nduku!" Hakuna mkutano uliofanywa wala chifu aliyetia sahihi. Ulipoanza shule, hukuitwa kwa jina langu. Uliitwa "yule wa Kwa Nduku". Mama yako alikuwa akisikia kondakta anapiga kelele jina lake asubuhi, anasema, "Wananiita kama wananidai," lakini nilikuwa namwona anavyonyoosha leso yake.

Halafu mwaka jana barabara ikapanuliwa. Tinga lilikuja na kibanda kikaenda, na jiko, na lile benchi la wachimba mawe. Magoti ya mama yako yalikuwa yameshaanza kulalamika, hakutaka kuanza upya. Kwa kazi yake yote ya miaka hiyo, kitu kimoja tu ndicho kilichobaki kimesimama, nacho ni jina la stage, pale matatu zinaposimama.

Na hilo nalo, nikaanza kusikia likiyumba. Siku moja kondakta mgeni akaita, "Tangi! Tangi wanashuka?" Na watu wakashuka! Wakashuka bila aibu. Wiki mbili baadaye walikuwa wengi. Ndipo mwenyekiti wetu wa wakazi, Bwana Wafula, akaniletea hili bati ambalo umeliona limeegemea ukuta tangu Jumapili, ukaniuliza mbona siliandiki.

"Fundi, tunaweka kibao cha stage. Andika Tangi. Herufi nzito, watu waone usiku."

"Pale panaitwa Kwa Nduku, mwenyekiti."

"Panaitwaga. Lakini si unajua wageni ni wengi? Wewe andika kitu watu wanajua."

Nikamwambia nitaangalia. Unaona bati bado ni jeupe. Wiki hii yote sikuwa nachelewa kazi, Syombua. Nilikuwa natafuta mwizi.

Kevo amepiga tena. Anasema yuko mahali penye hardware na mbuzi watatu. Nimemwambia Kitengela yote ni hardware na mbuzi. Amesema, "Mzee, nipe landmark basi." Nimemwambia landmark ni Kwa Nduku. Nimesikia pikipiki ikizimwa.

Nilianza na broka wa ploti, yule mwenye viatu vilivyochongoka. Nilimshuku kwa sababu neno linapobadilika mimi nauliza kwanza nani anapata. Shamba likiitwa ploti, kuna mtu anauza. Ploti ikiitwa estate, anauza tena ileile. Nikasema huyu amewalipa watu wa boda waite Tangi ili awauzie Wanairobi ndoto ya maji. Nikaenda pale stage, nikajifanya napumzisha mguu, nikamvuta pembeni Lemayian, yule dereva wa boda mwenye koti la njano.

"Nani aliwaambia muite hapa Tangi?"

"Hakuna mtu, mzae."

"Mmelipwa na nani?"

Akawaita wenzake. "Kujeni muskie! Mzae anasema tumelipwa!" Wakaja wote na helmeti zao. Lemayian akanishika bega akanigeuza pole pole, akanielekeza ng'ambo ya barabara, kwenye tangi la maji la wakazi. Unalijua. Limeandikwa TANGI, kwa rangi nyekundu, kila herufi ina urefu wa mtu mzima, unaisoma ukiwa bado kule kwenye kona ya lami.

"Hiyo iliandikwa na nani?"

Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

"Hapo chini kuna sahihi, mzae. Nikusomee?"

Walicheka mpaka abiria mmoja akashuka kwenye pikipiki kuja kuuliza kumetokea nini.

Ndiyo, ni mimi. Unakumbuka miaka ya shida ya maji, tulipokuwa tunanunua kwa punda, na maji ya kisima yana chumvi hadi chai inakataa maziwa? Katika kamati ni mimi niliyepigania tangi liwekwe pale na si kule kanisani. Niliwapa sababu nyingi za usawa wa ardhi na mteremko. Sababu ya kweli ilikuwa watu wakija kuchota wangenunua chapati za mama yako. Nikajitolea kuandika bure. Na siku nilipoandika kibao cha kibanda chake, nilitumia rangi iliyobaki, kwenye kipande cha mbao, KWA NDUKU, maandishi ya kusomwa na mtu ambaye tayari ameshaketi. Ya kamati niliyatanua ili nionekane fundi. Ya nyumbani niliyabana. Hapo mwanangu sina kamusi ya kujificha nyuma yake.

Kama ningekuwa mtu wa kujifunza haraka ningeishia hapo. Lakini mtu mwenye shuku akikosa mwizi hurudi kutafuta ushahidi. Nikaenda kwa Mzee Parsaloi, aliyekuwa na ng'ombe sehemu hii kabla ya lami. Nilitaka aniandikie maneno mawili ya kumpelekea Wafula kwamba pale tangu mwanzo pamejulikana kama Kwa Nduku. Nilimkuta amekaa nje akisubiri simu yake ijae chaji.

"Sopa, mzee."

"Ipa. Leo unauza nini?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri sana, akinyonya meno. Akaniuliza, "Tangu mwanzo gani?"

"Mwanzo, mzee. Tangu pale pawe stage."

"Aa, stage." Akacheka kidogo. "Sisi tulikuwa tunapaita Oltepesi. Kulikuwa na ule mgunga mkubwa. Mbuzi walikuwa wanangojea pale ganda lianguke. Halafu mkakuja, mkaukata."

"Nani aliukata?"

"Sikushika jina. Lakini nguzo za kibanda cha bibi yako, mti wake niliujua."

Nguzo zile niliuziwa na mtu mwenye mkokoteni, Syombua. Sikumuuliza amezitoa wapi. Mimi, ninayeuliza hata sufuria imetoka wapi! Nikamuuliza mzee kama watu walilalamika jina lilipobadilika. Akasema walilalamika sana, kwa sababu chai ya mama yako ilikuwa na maji mengi. Kisha wakazoea. "Hata mimi nikimtuma kijana," akasema, "nilikuwa namwambia nenda Kwa Nduku. Nikisema Oltepesi angerudi jioni hajafika."

Akaniomba nimwangalizie simu aende haja. Nikaishika. Sikupata maneno mawili ya kumpelekea Wafula.

Nimekwambia haya yote ili nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka kama Kevo.

Ulipokuwa kidato cha pili ulianza kuja na maneno. Ulisema manze. Ulisema form ni gani. Siku moja ulimwita mama yako "mathe" naye akaitika, nikaona nyumba inaingia maji. Nikasema huyu mtoto ana kundi, na kundi lina jambo. Nikaanza kukagua. Kila neno ulilofungua mdomo nalo nililisimamisha mlangoni kama askari wa geti: umetoka wapi wewe, kitambulisho kiko wapi? Nilidhani nakufundisha. Ulikuwa ukirudi shuleni na hadithi ya mwalimu aliyeanguka kwenye kiti, au ya rafiki yako aliyekosana na wenzake, na kabla hujafika katikati nimeshakukatiza kwa sababu ya neno moja. Basi ukaacha. Muhula mzima ulikuwa unakula, unaosha sahani, unasema "usiku mwema, Baba" kwa Kiswahili safi kabisa, cha mtihani. Nikajisifu kwa mama yako kwamba nimekunyoosha. Akaniambia, "Umemnyamazisha. Si kitu kimoja."

Yule rafiki aliyekosana na wenzake, hadi leo sijui kilichompata. Hadithi ilibaki nje pamoja na maneno yake.

Utakwenda Kisumu utakaa na watoto wa Wajaluo na Waluhya na wa kila mahali, na ukirudi Desemba utakuwa na maneno ambayo sijawahi kuyasikia. Najijua, sikio litasimama. Nitayashuku kwa siku moja hivi, vumilia. Lakini nitangoja umalize hadithi kwanza. Nikikukatiza, nikumbushe kuhusu tangi. Lemayian na wenzake tayari wananikumbusha kila nikipita. Wanapiga honi na kunyoosha kidole.

Nawe huko darasani, wakikufundisha neno lilikotoka, usiishie kwenye nchi. Usiridhike na Uarabuni, Ureno, India. Tangi lenyewe tumelitoa kwa Waingereza, na Waingereza, wanasema, walilikuta India, kwa hivyo hata mwizi aliibiwa. Uliza ni nani alikuwa amesimama pale neno la kwanza lilipoondoka, na alikuwa amebeba nini mkononi. Kwa kawaida utamkuta mtu kama mimi, ameshika brashi, anatafuta faida kidogo ya chapati.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kukuomba kitu. Nilitaka ukiwa huko, mtu akikuuliza kwenu ni wapi, useme Kwa Nduku. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: jina haliwezi kufa kama kuna mtu mmoja Kisumu analisema. Juzi nilikuuliza kwa mzaha, siku ukirudi na barabara imebadilika tena, utashukia wapi? Ukasema, "Baba, nitumie location." Nilicheka, lakini si sana. Location haina mtu ndani yake. Haijawahi kumpikia mchimba mawe.

Ngoja kidogo. Simu.

Ni Kevo. Sasa amefika karibu na Isinya. Isinya, Syombua! Amepita hapa, akatupita, na mtungi umefungwa nyuma. Sauti yake imebadilika, haniiti tena mzee, ananiita boss, dalili mbaya. Anasema aliuliza watu wanne. Wawili hawajui, mmoja akamwambia Nduku alikuwa mwanamke Mmasai aliyekuwa na baa, na mwingine akamwambia huyo alifariki. Nimemwambia Nduku hajafariki, yuko hapa nyuma yangu ameshika mwiko.

Hapo ndipo mama yako aliponinyang'anya simu. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa bado nimeshika kalamu.

"Wewe kijana, uko wapi? Isinya? Ni nini inakupeleka Isinya? Rudi. Kuja hapa Kwa Tangi. Eeh, hapo tu. Ukiona hiyo maandishi mekundu, ingia kushoto, geti ya bluu. Haraka, niko na mtoto anasafiri."

Akanirudishia simu. Nikamwangalia.

"Nduku. Hata wewe?"

"Hata mimi nini?"

"Hilo ni jina lako tunalopigania."

"Jina langu niko nalo," akasema. "Mama yangu alinizaa usiku, ndiyo maana ni Nduku, na tinga halikulifikia. Unataka huyu msichana aende Kisumu na mahindi mabichi tumboni?"

"Umeanza lini kusema Tangi?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Tangu uliandike," akasema, akarudi jikoni.

Nimekaa na bati mapajani. Nimefungua mkebe wa rangi. Ile nyekundu imekauka juu, nimetoboa ngozi yake kwa kijiti, chini bado ni mbichi. Nitaandika Tangi, kama Wafula alivyosema, herufi nzito.

Gesi imefika.

Baba yako